Hospitali ya "asilimia 95" au mionzi ya hapa nchini?

SWALI

Wapendwa wa safu ya afya,

Salaam. Naandika kutoka Tabora. Mimi ni mtoto wa kwanza wa mama mwenye miaka 54. Tangu mwaka jana alikuwa akitokwa damu, tukadhani ni mambo ya kukoma hedhi. Wiki 6 zilizopita alichukuliwa kinyama, majibu yakasema ni saratani ya mlango wa kizazi. Daktari wa wanawake alimpima akaandika "hatua ya 2B", akatupa barua ya rufaa ya kwenda kwenye mionzi. Damu yake ni 8.4, uzito kilo 58. Habari ya figo hatujaambiwa chochote.

Hapo ndipo familia ilipogawanyika. Mdogo wangu anafanya kazi Muscat, ametutumia kwenye simu tangazo la hospitali binafsi ya nje. Wanadai mafanikio yao kwa saratani za wanawake ni asilimia 95, na kwamba watamfanyia mama upasuaji wa kisasa waumalize ugonjwa kabisa. Kwa gharama yake itabidi tuuze ng'ombe wote na kiwanja. Shangazi naye hataki kusikia habari za hospitali za hapa. Anasema kila anayemfahamu aliyekwenda Ocean Road, taasisi ya saratani ya Dar es Salaam, alirudi kwa maziko. Nilipotafuta mwenyewe kwenye intaneti nikakuta asilimia 91, kwingine 66, kwingine 19, zote za ugonjwa huu huu. Nimechanganyikiwa.

Hizo asilimia zina maana gani, na ipi ni ya mama? Tuuze twende nje, au tufuate rufaa? Na mama akiniuliza kama atapona, nimjibu nini?

Mtoto wa kwanza, Tabora

JIBU

Ndugu yetu wa Tabora,

Pole kwa kuuguliwa, na mama mpe pole. Kabla ya asilimia, kuna kazi isiyoweza kusubiri kikao cha familia. Popote mtakapoamua kwenda, mama anahitaji vipimo hivi wiki hii, na hospitali ya mkoa inaweza kuvifanya: kreatinini ya damu (huonyesha kazi ya figo), altrasaundi ya figo, picha nzima ya damu, na kipimo cha VVU. Tena damu ya 8.4 ni ndogo mno kwa kuanzia mionzi. Vituo vingi hutaka ifike angalau 10, kwa sababu mionzi huua seli za saratani vizuri zaidi pale zinapopata oksijeni, na oksijeni hubebwa na damu. Kwa hiyo watafuteni ndugu wawili watatu wenye afya wakachangie, aongezwe damu mapema. Mgonjwa akisafiri siku nzima kwa basi, akafika na 8.4 ile ile, atarudishwa wodini kuongezwa damu huku nafasi yake kwenye foleni ya mashine ikipewa mwingine.

Altrasaundi ya figo ina sababu nyingine. Hatua ya 2B maana yake saratani imetoka nje ya mlango wa kizazi ikaingia kwenye tishu za pembeni, ila haijagusa ukuta wa nyonga. Daktari huijua hivyo kwa kupima kwa mkono. Lakini ikiwa uvimbe umebana mrija wa mkojo na figo moja imejaa maji, basi ni hatua ya 3B, hata kama mkono haukuhisi kitu. Na picha ya CT-scan au MRI ikionyesha tezi za limfu za nyonga zimeingiliwa na saratani, ni 3C. Ndiyo kusema hatua ya mama bado haijakamilika kuandikwa, na asilimia yoyote mnayobishania sasa inaweza kuwa ya mtu mwingine.

Sasa hizo namba. Hazigombani, zinahesabu watu tofauti. Asilimia 91 ni ya Marekani, kwa wanawake ambao saratani iligunduliwa ikiwa bado ndani ya mlango wa kizazi. Asilimia 19 ni ya huko huko Marekani, kwa wale ambao ilikuwa imeshafika mbali: mapafu, ini, mifupa. Asilimia 66 inalingana na ripoti ya FIGO, shirikisho la kimataifa la madaktari wa wanawake na uzazi, kuhusu waliotibiwa kati ya 1999 na 2001, na ni ya hatua ya 2B. Katika ripoti hiyo hiyo hatua ya 1B1, uvimbe ukiwa bado mdogo, ilikuwa karibu 89, ya 3B karibu 42, na ya 4A, iliyoingia kibofu au utumbo mkubwa, ni 22. Zote zinajibu swali moja: katika kila wanawake 100 wa hatua hiyo, wangapi walikuwa hai miaka 5 baada ya kugunduliwa. (Za Marekani huondolewa vifo ambavyo vingetokea hata bila saratani, kwa hiyo huwa juu kidogo.) Ikiwa mama kweli ni 2B, hiyo 66 ndiyo iliyo jirani yake.

Na 95 ya tangazo? Iulizeni maswali. Mafanikio ya nini? Kuna hospitali huita mafanikio pale uvimbe unaposinyaa, nyingine pale mgonjwa anapotoka wodini akiwa hai baada ya upasuaji. Mtu anaweza kuhesabiwa kwenye mafanikio ya namna hiyo na akafariki mwaka unaofuata. Ni ya hatua gani? "Saratani za wanawake" ni chungu kimoja kilichopikiwa vitu vingi: saratani ya matiti ya hatua ya 1 na saratani ya mlango wa kizazi ya 2B hazipaswi kuwa kwenye hesabu moja. Ni baada ya muda gani, mwaka 1 au 5? Na ni ya wagonjwa wangapi? Wanawake 19 kati ya 20 ni asilimia 95, lakini kwa watu 20 tu ukweli unaweza kuwa popote kuanzia kama 75 hadi karibu 100. Hospitali isiyoweza kujibu hayo kwa barua pepe haina takwimu. Ina tangazo.

Swali linalosahaulika kuliko yote ni hili: wale ambao hawakurudi kliniki mlihesabuje? Tuseme hospitali ilitibu wanawake 100. Miaka 5 baadaye 30 wanajulikana wako hai, 30 wanajulikana wamefariki, 40 hawajulikani walipo. Mwenye hesabu akiwatupa hao 40, atasema nusu wamepona. Lakini kama wote 40 wamefariki, ukweli ni 30. Kama wote wako hai, ni 70. Hospitali zinazopokea wageni kutoka nchi za mbali ndizo zenye shida hii zaidi, maana mgonjwa akishapanda ndege kurudi kwao, nani atajua? Za kwetu nazo hazijapona ugonjwa huu. Utafiti mmoja wa saratani ya matiti, uliofanyika Namibia, Nigeria, Afrika Kusini, Uganda na Zambia, uliukwepa mtego kwa kupiga simu kila baada ya miezi 3. Ulikuta kwamba baada ya miaka 3 nusu ya wanawake ndio waliokuwa hai. Namba hiyo inauma, lakini tunaiamini kuliko 95 nyingi zinazong'aa kwenye simu.

Shangazi hasemi uongo, ila anaona upande mmoja. Taasisi kama Ocean Road hupokea wengi wakiwa hatua ya 3 na ya 4, baada ya miezi ya kutokwa damu, dawa za maduka na mitishamba. Ukilinganisha hospitali inayopokea hao na ile inayochagua wenye uvimbe mdogo na fedha mkononi, ya pili itang'aa hata kama matibabu ni yale yale. Na aliyepona hatangazi. Yuko sokoni anauza nyanya, hata jirani hajui aliwahi kupigwa mionzi.

Jambo lililotusumbua zaidi katika barua yako ni upasuaji. Kwa hatua ya 2B tiba ya kawaida duniani ni mionzi pamoja na dawa ya saratani inayoitwa cisplatin. Upasuaji si tiba ya hatua hii, kwa sababu saratani imeshaingia kwenye tishu za pembeni, na daktari wa upasuaji ana hatari kubwa ya kuacha mizizi. Ikibaki, mgonjwa hupelekwa kwenye mionzi hata hivyo, akiwa sasa na kidonda na kibofu kilichotikiswa, na madhara ya tiba zote mbili juu ya mwili mmoja. Mdogo wako asidhani tunaidharau India au nchi nyingine. India yenyewe imelichunguza jambo hili. Hospitali ya Tata Memorial ya Mumbai iligawa wanawake 633 wenye hatua za 1B2, 2A na 2B: kundi moja likapata dawa kisha upasuaji, jingine mionzi pamoja na cisplatin. Baada ya miaka 5, wasiokuwa na ugonjwa wowote walikuwa asilimia 69.3 kwa kundi la upasuaji na 76.7 kwa kundi la mionzi. Waliokuwa hai walilingana, karibu 75 kila upande. Katika utafiti wao mwingine, wa hatua ya 3B, mionzi peke yake iliacha hai asilimia 46, na mionzi pamoja na cisplatin 54. Hiyo ni hospitali kubwa inayoheshimika na inayofuatilia wagonjwa wake. Haisemi 95.

Kwa hiyo swali la kumpambanulia mama tumaini lake ni kama tiba yake itakamilika, yote, na kwa wakati. Tiba yenyewe iko hivi. Mionzi ya nje hupigwa Jumatatu hadi Ijumaa, dakika chache kila siku, mara 25, yaani wiki 5; jumla hufika Gy (gray, kipimo cha dozi ya mionzi) 45 hadi 50. Kila wiki siku moja hutundikiwa cisplatin, miligramu 40 kwa kila mita ya mraba ya eneo la ngozi ya mwili, linalokadiriwa kwa uzito na urefu. Mwanamke wa kilo 58 na urefu wa kawaida ana kama mita za mraba 1.6, kwa hiyo dozi yake ni karibu miligramu 64, na vituo vingi havivuki 70. Kabla na baada ya dawa huwekewa maji ya dripu, kwa sababu cisplatin huumiza figo. Kisha inakuja mionzi ya ndani: kifaa huingizwa ukeni hadi kwenye mlango wa kizazi na kuupiga uvimbe kwa karibu, kwa kawaida mara 3 au 4.

Mionzi ya ndani ndiyo hukatwa katikati na watu wengi, na kukatwa huko kunagharimu maisha. Mgonjwa anamaliza zile 25, damu imekauka, harufu imekwisha, anajiona mzima, nauli imekwisha pia, anarudi nyumbani. Lakini mionzi ya nje haiwezi kupandishwa hadi dozi ya kuua uvimbe wote bila kuchoma utumbo na kibofu. Ile ya ndani ndiyo inayofikisha dozi hiyo. Bila yake saratani nyingi hurudi pale pale.

Jambo la pili ni kalenda. Tangu mionzi ya kwanza ya nje hadi ya mwisho ya ndani zisipite siku 56, yaani wiki 8. Tafiti zimeonyesha kwamba kila siku inayozidi hapo hupunguza uwezekano wa kuudhibiti ugonjwa ndani ya nyonga kwa nusu hadi asilimia 1 hivi, maana seli zilizobaki huanza kuzaliana tena. Chukueni daftari, andikeni tarehe ya siku ya kwanza, hesabuni siku 56, izungushieni duara. Sikukuu, mashine kuharibika, msiba kijijini, mama kuharisha: kila kimoja kinakula humo. Mashine ikiharibika, muulizeni daktari jinsi ya kufidia. Mara nyingine hupigwa mara 2 kwa siku moja, zikiachana angalau saa 6. Kwa msiba, na tunajua ni vigumu kusema hivi, mama abaki kwenye matibabu na ninyi mwende kuzika.

Kila wiki kabla ya cisplatin damu ipimwe. Chembe nyeupe za aina ya nyutrofili zikishuka chini ya 1,500, au chembe sahani, zinazogandisha damu, chini ya 100,000, au figo zikilegea, dawa husubirishwa, lakini mionzi kwa kawaida huendelea. Watu huchanganya hapo: wakiambiwa "dawa leo hapana" wanaondoka na mionzi wanaikosa. Mitishamba aiache kabisa kipindi hiki, maana ipo inayoharibu figo kimyakimya. Kama kipimo cha VVU kitaonyesha anavyo, tiba ni ile ile na dawa za ARV ziendelee, ila daktari ajue kama zina tenofovir, kwa kuwa nayo hugusa figo kama cisplatin. Alama watakazomchora kwenye ngozi zisifutwe kwa kusugua. Kuharisha karibu wiki ya 2 au ya 3 ni kawaida. Awe na ORS na dawa ya kuzuia aliyoandikiwa. Homa ya 38 na zaidi, damu kutoka kwa wingi, au mkojo kukata: hospitali siku hiyo hiyo, hata usiku.

Kuuza au kutouza? Kwa tulivyosoma, tusingeuza kiwanja kwa ajili ya upasuaji ule. Fuateni rufaa, lakini mkiwa na maswali yenu mkononi. Kutoka Tabora, hospitali ya Bugando iliyoko Mwanza ni karibu kuliko Ocean Road, na hutoa mionzi. Pigeni simu kabla ya kusafiri, au mwombeni daktari aliyeandika rufaa apige: Mashine ya mionzi ya nje inafanya kazi sasa? Ya ndani je? Mgonjwa mpya wa mlango wa kizazi anasubiri wiki ngapi? Cisplatin ipo, au tutanunua nje? Kama kituo kimoja kitasema wiki 3 na kingine miezi 3, nendeni cha wiki 3, hata kikiwa mbali na kwa ndugu. Mkifika, muoneni ofisa wa ustawi wa jamii siku ya kwanza, kabla deni halijakua, kuhusu msamaha na mahali pa kulala. Ng'ombe mmoja au wawili huenda wakahitajika, kwa nauli na chakula cha wiki 8 cha mama na anayemsindikiza. Hapo ndipo fedha inaponunua uhai.

Kwenda nje kuna maana pale ambapo mionzi ya ndani haipatikani kabisa kwa wakati, au foleni zote ni za miezi. Hata hapo, tumeni kwanza ripoti ya kinyama na picha kwa barua pepe, waseme kwa maandishi watampa tiba gani na itachukua siku ngapi. Pasipoti na viza za watu wawili zina wiki zake, na wiki hizo saratani haikai imelala. Mkienda, ombeni slaidi na kipande cha nta chenye kinyama chake kutoka maabara mwende navyo, na tiba yote imalizikie huko. Kugawa, nusu huku na nusu kule, ndiko kunakovunja zile siku 56. Mdogo wako wa Muscat ana kazi nzuri ya kufanya bila ndege: atume kila wiki fedha ya chumba.

Baada ya tiba, kliniki kila miezi 3 kwa miaka 2 ya kwanza, kisha kila miezi 6 hadi mwaka wa 5. Saratani ikirudi, mara nyingi hurudi ndani ya miaka hiyo 2. Na aende hata akiwa mzima, namba yake ya simu na yako ziwe kwenye faili.

Kuhusu mama mwenyewe. Usimfiche jina la ugonjwa. Atalijua kwenye foleni ya kwanza, na wagonjwa wenzake hawatapunguza maneno. Muulize kwanza anataka kujua kiasi gani. Wengine wanataka yote, wengine wanataka kujua kesho kuna nini tu. Akikuuliza kama atapona, kama hatua itabaki 2B unaweza kumwambia bila kumdanganya: "Mama, wanawake wa hatua yako wanaomaliza tiba yote, wengi wao wako hai miaka 5 baadaye. Madaktari hawawezi kusema wewe utakuwa upande gani." Figo zikionyesha ni 3B, usiseme "wengi", sema "karibu nusu", na umwache aulize zaidi akitaka. Akiuliza kama itauma, mwambie mionzi ya nje haiumi, ile ya ndani inaumiza, na ana haki ya kuomba dawa ya maumivu kabla kifaa hakijaingizwa.